Kabla ya Kupanda Mti, Rudi Ukapatane

Vijana wangu, mnisamehe kabla hamjaanza kusoma. Mwandiko wangu unalala upande mmoja kama ua lililonyeshewa, na hadi namaliza darasa la saba mwalimu wangu alikuwa bado anapambana nami juu ya r na l, wala hakushinda. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Mkikuta neno limekosewa, lirekebisheni kimyakimya, kama mnavyomtoa mgeni jani lililonasa kwenye nywele bila kumwambia.

Katibu wa kikundi chenu cha nyuki aliniomba niwasimulie kazi yangu mbele yenu. Nilimwambia mimi ni mtu wa haya tangu kuzaliwa, nikisimama mbele ya watu goti la kushoto linacheza peke yake. Akasema basi andika, goti halionekani kwenye karatasi. Hapo alinishinda.

Nimerina asali zaidi ya miaka arobaini, misitu ya Kibondo hadi upande wa Kasulu, mpaka magoti yote mawili yakaikataa miti. Kuhusu mizinga ya masanduku na mavazi meupe mtafundishwa na wataalamu, na wanajua. Nina jambo moja tu ambalo sijasikia wakilifundisha. Hasira ya mtu hupanda mti pamoja naye.

Aliyenifundisha kazi ni Baba mkubwa, Mzee Efraimu, kaka yake baba yangu. Nilitoka kwetu Kasanda miaka ya sabini mwanzoni, shule imekwisha, nikaenda kukaa kwake upande wa kusini wa Kibondo. Alikuwa mtu mfupi, mlokole, mpole kama maziwa ya jana. Katika mfuko wake wa kazi kulikuwa na kisu, kiberiti na Biblia aliyoifunga kwenye nailoni, na Biblia ile ilinukia moshi na asali kiasi kwamba kanisani sisimizi waliifuata mpaka kwenye benchi.

Mizinga yetu ilikuwa ya magome. Unachuna gome la myombo zima kama soksi, unalishona kwa vijiti, unaziba ncha mbili kwa majani, unapandisha juu ya mti. Siku ya kurina tulitoka alfajiri watu wanne. Baba mkubwa, shemeji yake Yakobo, kijana mwenzangu Daudi, na mimi. Lakini hatukutoka hivihivi. Baba mkubwa alisimama kwenye mlango wa ua, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani ana neno na mtu?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Mwenye ugomvi, hata wa maneno mawili, hata wa moyoni, alitakiwa kuusema na kurudi kupatana na mtu wake, na wengine tukae chini kumsubiri. Alilitoa kwenye Injili, pale panaposema kwamba ukiileta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache hapohapo uende ukapatane naye kwanza. Baba mkubwa alisema madhabahu yake ni mti wa myombo, na malaika wa pale wana miiba.

Msidhani yalikuwa ya dini tu. Mwenye hasira anapumua kwa haraka, anatoka jasho kali, mkono wake una pupa, na moshi anaupuliza kama anamtukana mtu. Nyuki hujua. Moshi wa nyuki unapulizwa kama unavyopoza uji wa mtoto. Ukiona majivu yanaruka, ujue si moshi unaotoka, ni moyo wako.

Sasa niwaambie jinsi sheria ile ilivyotutesa.

Siku moja tumekwenda mwendo wa saa nzima, tumeshaingia msituni, Yakobo akasimama katikati ya njia. Akasema Mzee, kumbe nina neno. Tukamuuliza neno gani. Akasema jana jioni alimwambia mkewe, Mama Tabitha, kwamba mchuzi wake ungefaa kunawia miguu.

Tulirudi wote wanne, na madebe yetu vichwani. Mama Tabitha tulimkuta ameketi mlangoni, kigoda kingine kitupu kando yake, kimeshafutwa vumbi. Alikuwa anatungoja. Yakobo akaomba radhi vizuri. Mama Tabitha akajibu kwamba samahani ameipokea, ila moyo wake bado unavuja kidogo, pengine kwa sababu paa la jiko nalo linavuja. Siku ile hatukurina. Tuliezeka jiko, na nyuki walibaki na asali yao.

Mwaka ule tulikuwa tumeshahamia kijijini, nyumba zimepangwa safu moja, ukikohoa kwenye nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho anakupa pole. Kwa hiyo habari ya jiko ilifika safu nzima kabla ya chakula cha mchana. Msimu uliofuata wake wa warinaji hawakununa kamwe siku za kawaida. Walinuna asubuhi ya kurina. Mke wa Baba mkubwa mwenyewe, Mama Raheli, alipata ghala jipya kwa mtindo huo, na mama yake Daudi alichimbiwa choo. Yakobo alilalamika kwamba wanawake wameigeuza Injili kuwa jembe. Baba mkubwa aliwaza, akasema, "Asali imepungua, ni kweli. Lakini hebu nionyeshe nyumba moja inayovuja."

Nisisahau na hili, maana ni la tumbo. Mara yangu ya kwanza kurina nilipewa sega la kuonja. Nikaonja, nikaonja na la pili, nikawa naonja kila Baba mkubwa akigeuka. Mithali inasema ukipata asali kula ya kukutosha, usije ukashiba mno ukaitapika. Mimi mstari huo niliuelewa nyuma ya kichuguu, nimeshika mti kwa mikono miwili. Baba mkubwa hakunigombeza. Alinipigapiga mgongoni, akasema sasa hilo andiko halitakutoka. Halijanitoka. Mpaka leo sega la tatu likija nasikia kizunguzungu.

Haya, tufike kwenye mti wangu.

Kwenye mkutano wa Pasaka, kwaya za Kibondo na Kasulu zilikutana, nikamwona Debora wa Rungwe Mpya. Aliimba sauti ya pili. Siku tatu za mkutano nilimwambia sentensi mbili. Ya kwanza, "Mwakeye," yaani ile salamu yetu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Ya pili, kwamba nitamwandikia barua. Akacheka, akasema ataingoja.

Niliiandika wiki tatu. Nilinunua wino wa buluu, nikachana karatasi sita, ya saba ndiyo ikafaa. Daudi alikuwa na safari ya kwenda upande huo na baiskeli yake, nikampa aipeleke. Akaiweka kwenye mfuko wa shati lake jeupe la kwaya, akapiga mfuko kwa kiganja, akasema imefika.

Mwezi ukapita, wa pili ukapita, hakuna jibu. Mwezi wa tatu nikapita nje ya kwao Daudi, nikaona lile shati limeanikwa kwenye ua. Kwenye mfuko wa kifuani palikuwa na doa la buluu, kubwa kama sahani ya kikombe. Wino wangu niliujua.

Mwingine angeingia ndani akadai maelezo. Mimi nilisimama pale, goti likacheza, nikaenda zangu. Naye Daudi hakusema kitu. Nilikuja kujua baadaye kwamba safari yake ilivunjika kwa tairi kupasuka, shati likafuliwa na mama yake, naye aliona aibu kuniambia. Lakini wakati ule sikujua. Nilijua doa tu. Tuliendelea kufanya kazi pamoja, tukila sahani moja, na kila tonge nililomeza lilikuwa na wino.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kutoka Rungwe Mpya kwamba kuna kijana mwenye redio amepeleka salamu kwa baba yake Debora, na Debora hajakataa wala hajakubali. Mama Raheli aliniona sili. Akanibana, nikamweleza habari za Debora, ila za doa sikuzitaja. Baba mkubwa alipoambiwa alisema maneno machache tu, tunarina keshokutwa Alhamisi, Jumamosi tunakwenda. Sisi walokole posa yetu haikwenda na pombe, ilikwenda na asali. Tena alisema turine ule mzinga mkubwa wa bondeni, ambao alikuwa ameuacha misimu miwili. Kupata mke kwangu kulikuwa juu ya mti ule.

Alhamisi alfajiri akasimama mlangoni pa ua. "Nani ana neno na mtu?"

Yakobo akasema hana, mkewe ameomba kigoda tu na ameshapewa. Daudi aliinamisha kichwa, akasema hana. Baba mkubwa akanitazama mimi muda mrefu. Ningesema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini watu watatu wananitazama, na kusema ni kusimulia habari za barua, na kusimulia habari za barua ni kutaja mapenzi mbele ya wazee. Nikasema, "Sina neno."

Mti ulikuwa mrefu. Tulitumia ngazi ya gogo moja lenye vidato, ambayo haisimami peke yake, lazima mtu aishike chini. Nikapanda mimi na mwenge wa magome, debe na kamba. Daudi akashika ngazi. Wazee wakarudi nyuma kwenye kichaka, kama ilivyo desturi.

Mwanzo nilifanya vizuri. Nilipuliza pole, nyuki wakasogea, nikakata masega, nikateremsha nusu debe salama, asali ya rangi ya chai ya rangi. Ndipo nikatazama chini kuona kama debe limepokelewa. Daudi alikuwa amevaa lile shati. Limeharibika kwa kwaya, kwa hiyo limekuwa la kazi. Kutoka kule juu doa lilikuwa linanitazama kama jicho, na mwenye shati alikuwa anaimba.

Vijana, sijui nieleze vipi. Nilipuliza mwenge kama mhunzi. Cheche zikaruka zikaingia mzingani, nikang'oa sega kwa mkono badala ya kukata, likavunjika, asali ikamwagikia nyuki. Kisha nikasikia ile sauti inapanda. Mliowahi kuisikia mnaijua. Hairudi chini.

Wa kwanza aliniuma mdomoni, wa pili kopeni, halafu sikuhesabu. Na hapo, mimi niliyeshindwa kusema neno mbele ya watu watatu uani, nikasema mbele ya msitu mzima.

"Daudi, barua yangu uliifua."

Wimbo ukakatika. "Nini?"

"Barua ya Debora. Uliifua na shati. Nimeliona doa."

"Niliogopa kukuambia," Daudi akapaza sauti. "Nisamehe, kaka. Shuka kwanza."

"Sijakusamehe bado."

"Basi shuka huku unafikiri."

Kutoka kichakani nikasikia Yakobo anauliza huyu anasema nini, na Baba mkubwa anamjibu kwa masikitiko kwamba anasema ana neno.

Nilishuka huku nyuki wameuvaa mwili wangu kama sweta. Suruali yangu ilinasa kwenye kisiki cha tawi, nikaiacha, na nadhani ipo mpaka leo. Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili. Nyuki walishuka kabla yangu. Walimkuta Daudi amekumbatia ngazi. Angeiachia ngazi akakimbia, hakuna mtu duniani angemlaumu, ila mimi ningeanguka. Hakuiachia. Aliumwa usoni, shingoni, masikioni, akisema tu, "Kidato kingine. Kidato kingine. Bado viwili." Nilipokanyaga ardhi ndipo tukakimbia, yeye na doa lake, mimi na shati langu refu, namshukuru Mungu kwa urefu wake.

Kwenye kijito tuliketi, Baba mkubwa akatutoa miiba. Haibanwi kwa vidole, ukiibana sumu yote inaingia. Inakwanguliwa kwa ukucha au ubapa wa kisu, upande mmoja. Daudi alinitazama, jicho lake moja limeshaziba, akaanza kucheka. Nami nikacheka, ingawa midomo haikujua icheke upande gani. Nilimpa mkono. Kumsamehe kulichukua muda mfupi kuliko kukwangua mwiba mmoja, na nilikuwa nimelibeba lile neno kwa siku sita.

Baba mkubwa hatimaye alisema. "Asali ni nusu debe, na bwana harusi sura hana. Jumamosi tunakwenda vilevile."

Rungwe Mpya ni safari ya kutwa. Baba mkubwa alikuwa na baiskeli yake, mimi na Daudi tukapanda ya Daudi, yeye kwenye usukani, mimi kwenye kariya na debe mapajani. Kwa pamoja tulikuwa na macho mawili yanayoona, la kwake la kulia na la kwangu la kushoto. Shimo likiwa kushoto nampiga bega la kushoto, anakwepa. Mara tatu tulikwepa mashimo yasiyokuwepo, maana nilikuwa nachekacheka na mkono unateleza. Tulilala kwa muumini mmoja, Jumapili baada ya ibada tukaenda kwa mzee.

Mzee Gideoni, baba yake Debora, alijulikana kwa jambo moja. Aliwatukana wachumba. Alisema ng'ombe anajaribiwa kwa jembe na mkwe anajaribiwa kwa maneno. Watatu walishamjibu, na watatu walishakwenda zao. Wa redio ndiye alikuwa wa tatu, na inasemekana aliongeza sauti ya redio.

Tukakalishwa. Mzee akanitazama akauliza kwa upole kama huyu ndiye mchumba au ni mgonjwa tunayempeleka zahanati. Akauliza kama kwetu watu wote wana kichwa cha boga au mimi nilichaguliwa. Akaonja asali, akasema nusu debe ni posa ya nusu msichana, tuchague nusu ipi. Nyuma ya mlango kulisikika mtu anakohoa, na Debora aliniambia baadaye kwamba hakuwa anakohoa, alikuwa anauma khanga asicheke.

Midomo yangu ilikuwa kama maandazi mawili yaliyobebana. Hata Bwana asifiwe isingetoka.

Kisha mzee akaacha mzaha. Akasema, "Binti yangu aliahidiwa barua. Miezi mitatu anaingoja. Mtu asiyetimiza karatasi moja, atatimiza nini?"

Baba mkubwa, aliyekuwa mshenga wangu, akafungua mdomo, akaufunga, maana si lake kulisema. Nami nilitambua kitu. Midomo yangu ilikuwa imefungwa, lakini kidole kilikuwa kizima. Daudi alikuwa kulia kwangu, kwenye mkeka mmoja nami, na ndani ya koti aliloazima alivaa shati lile lile, hakuwa na lingine. Nilichohitaji ni kunyoosha kidole kwenye kifua chake. Kisa changu chote kilikuwa kimeandikwa pale kwa wino wangu mwenyewe. Kidole kiliinuka kwenye goti. Nawaambia kweli, kiliinuka. Nikakumbuka sauti ile, kidato kingine, bado viwili. Nikakirudisha kwenye goti, nalo goti likaacha kucheza.

Daudi akasimama bila mtu kumwambia. Akafungua koti. "Barua ni hii hapa, baba. Iliandikwa wiki tatu. Mimi ndiye niliyeiua."

Mzee Gideoni alilitazama doa, akaangalia uso wa Daudi uliovimba, akaangalia wangu. Akauliza kama ni nyuki walewale. Daudi akasema ndiyo, walewale, siku moja, mti mmoja. Mzee akaita ndani, kwa sauti ambayo bado naisikia, "Debora, leta maji ya uvuguvugu na kitambaa. Hawa wageni wetu lazima wafunguliwe macho, maana kuna mtu wa kuonwa."

Tulioana mwaka uleule. Daudi alisimama kando yangu na shati jipya, na lile la zamani Debora alilikata mfuko wenye doa akauhifadhi. Akiudhika nami huutoa, anasema ngoja nisome barua.

Niliishi na hatia kidogo. Watu walinisifu kwa kujizuia, wanasema mkwe wa Mzee Gideoni alitukanwa boga asijibu, atawalaye roho yake ni bora kuliko mtekaji wa mji. Mimi najua midomo ilivimba. Miaka ikapita, siku moja tunapalilia maharage na mzee, nikamwambia ukweli. Nikasema baba, siku ile ulinipa mke kwa kosa, sikujizuia, sikuweza kusema tu.

Aliegemea jembe lake. "Midomo ilivimba, niliiona," akasema. "Kidole hakikuvimba. Nilikiona nacho, kinakwenda na kinarudi. Palilia."

Nimemaliza karatasi, na jua limehama dirishani. Sasa nawaomba nanyi mniandikie. Mpeni katibu, ataniletea. Niambieni mizinga yenu inatoaje, na kama hayo mavazi meupe yanazuia hasira kuingia ndani au kutoka nje. Msijali mwandiko, mmeuona wangu. Ila kabla ya kuchukua kalamu, kama kuna mtu una neno naye, iache hapohapo mezani uende kwanza. Mimi nitangoja. Debora alingoja barua yangu mpaka ikaja imevaliwa.